Chupa ya maji ya kisima: siku saba Nairobi kusomea kilimo cha magunia

Nimesharudi Kisauni, Mombasa, wiki tatu sasa. Haya nayaandika kutoka kwenye daftari lililomwagikiwa chai na picha mia mbili na kitu za simu, na kwa kuwa nyingi ni picha za matundu, mabomba na bawaba, msitarajie Nairobi ya maghorofa.

Wasionijua: sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanne. Tunapanda mchicha, kunde na maharagwe kwenye magunia nyuma ya nyumba, na tunauza viazi vya karai na achari. Msimu wa pili huu majani yalikuwa yanaungua kingo, kama mtu kayapitisha kwenye jiko. Mmoja akasema ni wadudu, mwengine akasema ni hasadi. Tukachanga, nikatumwa mimi kwenye kozi fupi ya siku tano katika chuo kimoja cha ufundi Nairobi: kilimo cha mjini na usindikaji wa vyakula, ada shilingi 5,500. Katika mkoba nikatia chupa ya nusu lita ya maji ya kisima chetu, nimeizungushia leso isipasuke. Hiyo chupa itanitia mashakani, subirini.

Siku ya 1, Jumapili: Mombasa hadi Kangemi

Basi la saa mbili asubuhi, 1,400. Ni zaidi ya kilomita 480, na malori ya Mariakani mnayajua. Baada ya Voi nikalala. Nilipoamka tumesimama kando ya barabara karibu na Makindu, dereva yuko chini ya gari, utingo anatangaza nusu saa. Mkanda wa feni umekatika. Nusu saa ile ilikuwa saa mbili na nusu.

Mzee wa Kikamba niliyekaa naye akaniona natafuta soda. "Mama, weka pesa yako," akaniambia, "twende kwa Wahindi tukale." Tukapanda bodaboda, 50 kila mmoja, mpaka hekalu la Masingasinga la Makindu. Lilijengwa 1926, zama za mafundi wa reli, na msafiri yeyote hulishwa pale bila malipo, haulizwi dini wala kabila. Unavua viatu na kufunika kichwa (mtandio ninao tayari, mzee akajifunga leso yake ya pua), unakaa, unapakuliwa dengu, chapati na chai ya maziwa. Kuna sanduku la sadaka kwa anayetaka. Masharti ni machache: usibakishe chakula, na usiingie na nyama, pombe wala tumbaku. Nilikula chapati tatu. Mzee alikuwa akichunga saa yake na kunihakikishia kwamba mkanda bado, na kweli tuliporudi dereva ndio kwanza anajinyoosha mgongo.

Tukaingia Nairobi saa moja na nusu usiku. Mtoto wa shangazi akanipokea, tukapanda matatu nambari 23. "Kangemi soo, Kangemi soo!" Soo ni mia; mchana nauli huwa nusu ya hiyo. Baridi ikaniuma masikio. Shangazi akatuandalia ugali na mboga, nikaonja, nikapiga kelele: "Shangazi, hii si mnavu?"

"Hii ni managu," akasema. "Huo mnavu wenu sijui ni nini."

Ni mboga moja. Terere lao ndio mchicha wetu, saga yao ndio mgagani. Andikeni kabla hamjaenda sokoni, msije mkarudi mikono mitupu kama mimi Jumanne, nimeuliza mgagani nikaangaliwa kama mgonjwa.

Kwa watakaokwenda: Julai na Agosti chukua sweta nzito na soksi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kanga haitoshi.

Siku ya 2, Jumatatu: Langoni, na fundi bomba

Askari wa lango akachukua kitambulisho, akafungua mkoba. Akaitoa ile chupa, akaifunua leso polepole, akaniangalia. Maji meupe, chupa haina lebo, imefichwa chini ya nguo.

"Mathe, hii ni nini?"

"Maji."

"Maji yanavishwa nguo?"

Akanusa. Hakuridhika. Akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja, akatema hadi nje ya kibanda. "Na ni chumvi!" Nikaruhusiwa kuingia. Wiki nzima akawa ananiita Mama Bahari.

Darasani tulikuwa kumi na tisa: vijana wengi, akina mama watano, mstaafu mmoja wa benki anayefuga kuku kwenye roshani. Mwalimu wa kwanza akaingia na ovaroli la bluu na rundo la mabomba ya plastiki. Nikadhani nimekosea mlango. Kumbe yeye ni mwalimu wa ufundi bomba, na ndiye aliyepewa siku mbili za mwanzo. Alisema mmea wa mjini hufa kwa maji, ama yamezidi ama yamepungua, na maji ni kazi ya fundi bomba. Mwalimu wa kilimo alikuwa amekaa nyuma, anacheka, anaandika.

Hapo nikaanza kukielewa chuo chenyewe. Shamba lao ni dogo, halifiki uwanja wa netiboli. Walichonacho ni karakana, na kila karakana imepewa kipande chake cha kilimo. Mafundi bomba wana maji, wachomeleaji wana vikaushio na mabanda, idara ya upishi ina unga na mitungi, watu wa umeme wana pampu. Mimi nilikwenda kutafuta bwana shamba, nikakabidhiwa kwa mafundi.

Gunia lilitengenezwa hivi. Chukua mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku uliotobolewa juu na chini, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto. Zungushia udongo na samadi. Ukifika juu ya mkebe, uvute juu, kokoto zibaki, ujaze tena. Mwishowe una nguzo ya mawe toka chini mpaka juu, na maji unayomimina yanafika kila mahali badala ya kulowesha juu tu. Halafu unatoboa ubavuni, unachomeka miche. Sisi Kisauni tulikuwa tunashindilia udongo mtupu, tunashangaa kwa nini miche ya chini inakauka.

Saa tano stima zikapotea. Chuoni wana letasi inayokua kwenye mabomba ya inchi 4 bila udongo, maji yenye virutubisho yanazungushwa na pampu. Kufikia saa saba ile letasi imelala chali kama wageni baada ya biriani. Iliyo kwenye matangi, inayoelea juu ya vipande vya maboksi meupe ya samaki huku mizizi imezama, haikushtuka hata kidogo. Mwalimu hakuwa amepanga hivyo, lakini akatukusanya hapo hapo: anayeishi mahali stima ni za kubahatisha aanze na tangi, mabomba yasubiri. Watu wanauziwa mitambo ya mabomba kwa maelfu, na hili hawaambiwi.

Chakula cha mchana kibandani nje ya lango: chapo mbili na madondo, 90.

Siku ya 3, Jumanne: Chupa yajibu

Asubuhi chupa yangu ikafunguliwa kwenye maabara. Mwalimu akatumbukiza kipimo kama kalamu. Upande wa uchachu hakuna neno. Kisha akapima chumvi: milisimensi 2.9 kwa sentimita. Akapima ya bomba la chuo, ikawa chini ya 0.5. Darasa zima likaguna, nikaona haya kana kwamba kisima nilikichimba mimi.

Akaniuliza maswali kama daktari. Magunia yamekaa juu ya nini? Juu ya nailoni, nikasema, tope lisiende kwa jirani. Chini yana tundu? Hayana. Tunamwagilia kiasi gani? Kidogo kidogo, jioni. Akaweka kalamu chini. Maji yanaondoka kupitia majani na jua, chumvi inabaki, akasema, na kila jioni tunaongeza nyingine. Gunia letu lilikuwa sufuria ya kuchemshia chumvi, na mchicha ndani yake. Basi ndio hasadi yenyewe hiyo.

Dawa aliyonipa: toboeni chini, mkinge maji, na mara kwa mara mwagilieni kwa wingi mpaka yatoke, hasa kwa maji ya mvua, chumvi ioshwe. Maharagwe acheni kabisa, ni katika mimea inayolalamika mapema kuliko yote. Spinachi ya kwetu hii yenye bua nene ni ukoo wa kiazisukari, inavumilia. Kunde nayo si haba.

Mchana tukahamia jikoni. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vikachemshwa kwa mvuke, vikapondwa, rojo lake likaingia kwenye mkate badala ya sehemu ya unga wa ngano, hadi asilimia 40. Ile rangi ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini. Kazi ya viazi hivi ilipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na mmoja wa waliotunukiwa, Jan Low, alikuwa akifanyia kazi zake hapa hapa Nairobi. Mkate wa kwanza wa kundi letu ulikuwa uji. Tulisahau kwamba rojo lina maji yake, ukiongeza ya bombani kama kawaida umeharibu. Wa pili ulitoka wa manjano, mlaini, na ukaliwa moto moto bila siagi.

Kisha mwalimu wa upishi, mama mmoja mpole wa sauti, akatuumbua. Kila mtu ataje anachouza, aandike gharama zote, na makaa, na nauli, na kifuniko cha mtungi. Kikopo changu cha achari ya ndimu nauza 50. Kikatoka 47 kabla sijajilipa hata senti. "Mama," akaniambia taratibu, "wewe unatoa sadaka." Akapima na uchachu wa achari ile niliyomletea: pH iko chini ya 4.6 (namba ikishuka ndipo uchachu unazidi), salama, vijidudu vya sumu kali haviwezi kuota humo. Angalau hapo nikapumua.

Siku ya 4, Jumatano: Kibera

Basi la chuo lilichukua saa moja na dakika arubaini, safari ambayo pikipiki huimaliza kwa robo saa. Nayaruka hayo.

Magunia Kibera yalienea baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, wakati barabara zilifungwa na bei ya mboga ikapanda juu. Shirika la Kifaransa la Solidarités liligawa miche, na wengine hawajaacha hadi leo. Mama tuliyemtembelea ana magunia sita kwenye uchochoro mwembamba kati ya nyumba mbili, na kila gunia limefungwa mnyororo na kufuli. Nikacheka. Yeye hakucheka: mawili yaliibwa usiku, na udongo wake. Ana kijana wa chuo anayemjia kila baada ya miezi mitatu kumpimia maji, kwa sababu mfereji wa maji machafu uko hatua nne tu, na kumwagilia sukuma kwa maji ya mtaro ni kumlisha mtu kipindupindu. Anamwagilia ya kuoshea mchele na ya kununua mtungini.

Tulipoaga akang'oa miche kumi ya spinachi, akaifunga kwenye gazeti bichi, akanipa. Nikatoa mia, akanirudisha mkono. "Ukifika Mombasa uniambie kama imekubali joto." Jina lake na la mtaa nimeviacha, nikiwaza ile kufuli.

Jioni shangazi alinihadithia kwamba zamani askari wa manispaa walikuwa wakifyeka mahindi ya watu mjini, ati yanaficha wezi na mbu. Leo kaunti ina sheria yake ya 2015 ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Shangazi hajaisoma, ila ameona panga halirudi.

Siku ya 5, Alhamisi: Karakana

Siku niliyoipenda kuliko zote. Vijana wa uchomeleaji, wasichana wanne kati yao, walikuwa wanaunda sanduku la mabuu ya nzi askari mweusi, yule mkubwa asiyesumbua chakula cha watu. Mabuu yake hula mabaki ya jikoni kwa wiki mbili hivi, kisha hulishwa kuku. Taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, ya Kasarani, aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, imemtafiti sana mdudu huyu. Lakini kilichonishika ni sanduku lenyewe. Ubavu mmoja umeinamishwa kama ngazi, kwa sababu mabuu yakikomaa hutafuta pakavu yenyewe, hupanda mteremko na kudondoka ndani ya ndoo. Mvunaji hana kazi. Walikuwa wamelichomea mwinamo mkali mno, mabuu yakawa yanateleza na kurudi, sasa wanalikata upya. Msichana mmoja akalalamika kwamba hakuja chuo kupimia funza ngazi. Mwalimu wake akamjibu, "Pima tena."

Mimi nikaagiza kikaushio cha jua cha kukunja: fremu ya chuma, trei tatu za wavu, bati jeusi chini, karatasi ya nailoni juu, bomba la kutolea hewa. Nililipia vifaa tu, 6,800. Nilikuwa nikianika mboga juani kwenye mkeka, na hapo nikaambiwa jua likipiga majani moja kwa moja linakula ile ile vitamini A ninayojivunia kuuza. Kwa hivyo trei za mboga hufunikwa kitambaa cheusi, joto lipite mwanga usipite. Kabla ya kuanika, chovya majani kwenye maji yanayotokota dakika chache. Yako tayari yakivunjika mkononi kama tumbaku.

Kwa watakaokwenda: ukitaka kuagiza kitu karakana, sema Jumatatu. Mimi nilisema Alhamisi, kikamalizwa Ijumaa jioni rangi mbichi, na alama zake ziko kwenye buibui langu mpaka leo.

Siku ya 6, Ijumaa

Vyeti, picha ya pamoja, hotuba mbili ndefu. La maana lilikuwa saa moja ya leseni: cheti cha afya, kibali cha kaunti, alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ambayo wafanyabiashara wadogo wana mlango wao wa kuiomba. Na asiye na mashine, KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda ya South C, ina mitambo ya pamoja ambayo mjasiriamali husindika bidhaa yake kwa kulipia. Nimemwandikia mwenyekiti wetu yote haya, ameniambia tuanze na tundu za magunia.

Siku ya 7, Jumamosi: Kurudi

Kikaushio hata kikikunjwa ni kirefu, sikutaka kubishana nacho kwenye ukaguzi wa mizigo wa treni. Nikakituma kama kifurushi kwa basi, 800. Mimi nikapanda SGR ya saa tisa alasiri, daraja la kawaida 1,500. Fika stesheni ya Syokimau angalau saa moja kabla, mizigo inanuswa na mbwa na kupitishwa kwenye mashine, na kisu cha jikoni hakiingii (nilikiacha kwa shangazi).

Miche ya Kibera nilipakata. Mbele yangu alikaa kijana mwanajeshi na mkewe, na kila saa mke huyo akawa ananyunyizia gazeti maji kutoka kwenye chupa ya mtoto bila mimi kumwomba. Tsavo tukaona ndovu wekundu upande wa kushoto, behewa zima likahamia huko. Miritini saa mbili na nusu usiku, joto likanikumbatia, nikavua sweta hapo hapo jukwaani.

Baada ya hapo

Kikaushio kilifika Jumatatu, bawaba moja imevunjika, fundi wa mtaani akaichomea kwa 150. Mchicha uliokauka Nairobi kwa siku moja, hapa umechukua mbili, hewa ya Pwani ina maji. Miche minane kati ya kumi imeshika. Achari sasa ni 70, na wateja wawili wamehama.

Magunia tumeyatoboa yote. Juzi nilimtumia mwalimu wa bomba picha ya gunia la kwanza, maji yanachuruzika chini kwenye karai, nikitarajia sifa. Alijibu baada ya dakika mbili: tundu ni dogo.